Njeo na Dhamira za Kitenzi kwa Mjaluo Anayejifunza Kiswahili

Mzungumzaji wa Kijaluo mjini Kisumu anapojifunza Kiswahili, huja na mfumo wake wa njeo. Katika lugha yake, umbali wa wakati uliopita hubainishwa kwa maneno yatanguliayo kitenzi: *nende* kwa tukio la leo, *nyoro* la jana, *nyocha* la juzi. Kiswahili huyabeba yote kwa kiambishi *-li-*: *walivua*.

Ugumu hasa umo katika dhamira. Msimu wa kuvua omena ufungwapo ziwani, *wavuvi hawavui* ni taarifa tu. *Wavuvi wasivue*, kwa *-si-* na irabu *-e* ya mwisho, ni katazo. Aandikaye ya kwanza akikusudia ya pili hajamkataza mtu. Walimu, basi, wafunze dhamira sambamba na njeo.