Wakati wa Kuvuna Malisho ya Ng'ombe wa Maziwa

Mwongozo huu ni kwa wafugaji wa ng'ombe wa ndani na wahudumu wa zizi wanaokata majani kila siku.

Kwa nini wakati ni muhimu

Majani yanavyozidi kukua, uzito huongezeka na ubora hupungua. Mmea ukikaribia kuchanua, shina hurefuka na kuwa gumu, na bakteria wa tumboni mwa ng'ombe hushindwa kulimeng'enya vizuri. Protini ikishuka chini ya asilimia 7 hivi ya uzito wa malisho yaliyokaushwa, bakteria hao hudhoofika. Chakula hukaa tumboni muda mrefu, ng'ombe hula kidogo, na maziwa hupungua ilhali hori limejaa.

Kukata machanga mno nako kuna hasara. Majani huwa na maji mengi, mavuno ni haba, na mizizi huishiwa akiba ya kuchipusha upya.

Wakati wa kukata kila zao

1. *Mabingobingo (matete).* Mvuno wa kwanza ni miezi 3 hadi 4 baada ya kupanda. Baadaye kata kila wiki 6 hadi 8, yakifikia mita 1 hivi. Kiangazi hukua polepole, kwa hiyo fuata kimo badala ya kalenda. Acha kisiki cha sentimita 10 hivi.

2. *Nyasi za Rhodes kwa ajili ya hei.* Kata zinapoanza kuchanua. Ukingoja mbegu zikomae, utafunga marobota ya mabua.

3. *Lusini.* Mmea 1 kati ya 10 ukiwa na maua, kata shamba. Anika bila kupukutisha majani, kwani protini nyingi imo humo.

4. *Mahindi ya silaji.* Hapa usiwe na haraka, kwa kuwa wanga umo kwenye punje. Maziwa ya punje yakishaganda hadi nusu, na majani yakiwa bado na ukijani, kata. Mabichi mno huchuruzika maji kwenye shimo la silaji, na makavu mno hayashindiliki, hivyo huota ukungu.

5. *Mtama.* Usilishe machipukizi machanga, hasa baada ya ukame. Yanaweza kuwa na sianidi, sumu inayoua ng'ombe kwa muda mfupi.

Kupanga shamba

Wengi huchelewa kwa sababu shamba zima hukomaa kwa pamoja. Gawa shamba la mabingobingo vipande 7, ukate kimoja kila wiki. Wakati wa mvua, yanayozidi mahitaji yasindike yawe silaji mapema, usiyaache yasimame kuwa akiba ya kiangazi. Yaliyokwisha kupitiliza yakatekate vipande vidogo, uwape ng'ombe waliokaushwa maziwa, na yaliyo bora uwawekee wanaokamuliwa.

Kagua shamba lako kila wiki ukiwa na kipimo cha kimo mkononi. Zao likifikia hatua yake, likate, hata kama bado unatamani liongezeke.