Kumwandaa Mtoto kwa Kazi za Habari na Picha: Wajibu wa Mwalimu wa Shule ya Msingi

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la mwaka 2023, imeweka mikondo miwili katika elimu ya sekondari nchini Tanzania: mkondo wa jumla na mkondo wa amali. Kwa mpango huo kijana aweza kuanza kujifunza kazi angali sekondari. Miongoni mwa kazi zinazowavutia vijana wengi ni zile za habari na picha, yaani upigaji picha, uchoraji wa vitabu na matangazo, upangaji wa kurasa za magazeti na utengenezaji wa filamu.

Mwalimu mwanachuo aweza kuuliza: jambo hili lanihusu nini mimi nitakayefundisha darasa la nne? Katika makala hii tunakusudia kuonyesha kwamba linamhusu sana, na kwamba anaweza kulitimiza bila kamera wala kompyuta.

1. Kiini cha kazi yenyewe

Wengi hudhani kwamba ufundi wa habari na picha umo katika mashine. La hasha. Matumizi ya mashine hufundishika kwa muda mfupi, na mashine hubadilika kila baada ya miaka michache. Lisilobadilika ni maswali matatu ambayo mtengenezaji wa picha hana budi kujiuliza: Ninasema na nani? Ninataka aone nini? Je, ninachomwonyesha ni kweli? Kijana anayefika sekondari bila kuyazoea maswali haya atapewa kamera nzuri na bado hatajua aielekeze wapi.

Historia yetu wenyewe yatufundisha umuhimu wa swali la kwanza. Mwaka 1973 iliendeshwa kampeni ya Mtu ni Afya nchini Tanzania. Watu wazima wapatao milioni mbili walikutana katika vikundi, wakasikiliza vipindi vya redio, wakasoma vitabu na kujadiliana, kisha wakachimba vyoo na kusafisha mazingira. Redio peke yake isingetosha. Sauti, maandishi na majadiliano vilisaidiana kwa sababu waandaaji walijua wanasema na nani.

Tena, picha si lugha ambayo kila mtu huzaliwa akiijua. Uchunguzi uliofanywa vijijini nchini Nepal mwaka 1976, kwa ushirikiano na UNICEF, ulionyesha kwamba wanakijiji wengi hawakuzielewa picha kama wachoraji walivyokusudia. Kusoma picha hufunzwa, kama vile kusoma maandishi kunavyofunzwa. Na mahali pa kuanzia ni shule ya msingi.

2. Masomo matatu ya kuanzia

Masomo haya yafaa katika Sanaa na Michezo au katika Kiswahili. Kila moja laweza kumalizika katika vipindi viwili vya dakika 40.

(a) Dirisha la kadibodi. Kila mwanafunzi akate tundu la sentimita 6 kwa 9 katikati ya kipande cha boksi kuukuu. Uwiano huo wa 2 kwa 3 ndio wa filamu ya milimita 35, ambayo picha yake moja ina milimita 24 kwa 36. Wanafunzi watoke nje, wafumbe jicho moja na kutazama kupitia tundu hilo. Wakiliweka karibu na jicho wataona eneo pana. Wakinyoosha mkono wataona eneo dogo. Mwalimu asiwaeleze jambo hili kabla. Wao wenyewe waligundue. Kisha kila mmoja achague kitu kimoja, akichore jinsi kinavyoonekana ndani ya dirisha, na aeleze kwa nini ameviacha vitu vingine nje.

(b) Picha tatu. Wanafunzi wachague tukio la kila siku, mathalani kuteka maji kisimani. Walichore kwa picha tatu: ya kwanza kutoka mbali, ionyeshe mahali, ya pili ya wastani, ionyeshe watu na kazi yao, ya tatu ya karibu, ionyeshe jambo moja tu, kama mikono juu ya kamba. Wabadilishane picha bila kusema neno, na kila mmoja asimulie alichokiona katika picha za mwenzake. Pale msomaji anapokwama, mchoraji atajua palipo na upungufu. Hukumu ya namna hii humfaa mtoto kuliko alama nyekundu ya mwalimu.

(c) Gazeti la ukutani. Darasa ligawanywe katika vikundi vya waandishi, wachoraji, wahariri na wapangaji wa kurasa, na kazi zibadilishwe kila toleo ili kila mtoto apitie zote. Habari ziwe za kweli za shule na kijiji. Kila picha iwe na maelezo ya sentensi moja yasiyorudia kile kinachoonekana tayari, bali yaseme nani, wapi na lini.

3. Ukweli wa picha

Swali la tatu ndilo zito kuliko yote. Chukua darasa lenye madawati kumi mazima na moja bovu. Mwanafunzi atazame kwa dirisha lake la kadibodi lile dawati bovu peke yake. Je, anachokiona ni uongo? Dawati ni bovu kweli. Hata hivyo atakayeiona picha hiyo ataamini kwamba darasa zima halina pa kukalia. Waacheni watoto wabishane juu ya jambo hili. Siku hizi picha husambazwa kwa simu katika muda mfupi, na nyingine hutengenezwa na kompyuta bila tukio lolote kutokea. Mtoto aliyejifunza kuuliza ni nini kimeachwa nje ya picha hatadanganyika upesi, wala hatakuwa mwepesi wa kudanganya.

4. Mambo ya kuepuka

Kwanza, tusiwaamuru watoto arobaini wanakili mchoro mmoja wa ubaoni. Kunakili huzoeza mkono lakini hulaza akili. Pili, tusiidhihaki picha ya mtoto, wala kumwadhibu kwa kuchora pembeni mwa daftari. Tumpe karatasi na kazi ya kuchora. Tatu, tusingoje vifaa. Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, hakusomea chuo cha sanaa. Alichora Dar es Salaam kwa rangi za kawaida za mafuta juu ya mbao laini za ujenzi, na mtindo wake unajulikana duniani hadi leo.

5. Hitimisho

Njia za mbele zipo. Chuo cha Uandishi wa Habari Tanzania kilianzishwa mwaka 1975, na baadaye kikaunganishwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Chuo cha Sanaa cha Bagamoyo kilianza mwaka 1981, nacho leo ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Lakini vyuo haviwezi kujenga ghorofa pasipo msingi. Si kila mtoto atakuwa mpiga picha au mhariri. Wote, hata hivyo, watakuwa wasomaji wa picha maisha yao yote. Kwa hiyo kazi hii haipotei bure kwa mtoto hata mmoja.

Maswali na mazoezi

1. Tayarisha andalio la somo la dirisha la kadibodi kwa darasa la nne.
2. Chagua picha moja gazetini. Ni nini kimeachwa nje yake, na kwa nini?
3. Jadilianeni: je, mwalimu asahihishe picha ya mtoto kwa kalamu yake mwenyewe?