Somo: Kufuga konokono nyumbani, kidogo-kidogo



Katika vijiji vingi vya pori, kuzunguka Kisangani na Bafwasende mpaka upande wa Kindu, konokono mkubwa ni nyama inayojulikana. Wenye kusema Lingala wanamwita mbembe. Wakati wa mvua wamama na watoto wanamwokota asubuhi, wengine wanamuuza kando ya barabara. Lakini pori likikatwa kwa ajili ya shamba na makala, konokono anakosa kivuli na majani ya kuoza. Na tukiokota hata wadogo ambao hawajataga, mwaka unaofuata tunatembea mbali zaidi.

Nyama hii iko na nguvu ya kujenga mwili, mafuta yake ni kidogo sana, tena iko na madini ya chuma yanayosaidia damu. Kwa mama mwenye mimba na mtoto aliyeacha ziwa ni chakula kizuri. Somo hili linaonyesha namna ya kumfuga bila kununua vitu vingi.

1. Mjue mnyama wako

Kila konokono wa aina hizi ni dume na jike pamoja. Hata hivyo wawili wanakutana kwanza, na kisha wote wawili wanaweza kutaga. Kwa hiyo hapana kupoteza wakati kwa kutafuta dume.

Anapenda joto la kadiri, unyevu na giza. Anakula usiku. Jua likiwa kali na udongo ukikauka, anajifunga ndani ya ganda lake kwa utando mweupe na kulala. Wakati huo hali, hakui, hatagi. Upande wa Kisangani mvua inapunguka mwezi wa kwanza na wa pili. Upande wa Kindu kiangazi ni mwezi wa 6 mpaka wa 8. Ukimwagia maji kidogo kila magharibi, mnyama wako hatalala, na hapo ndipo unampita yule anayengoja pori.

Anza na aina kubwa inayopatikana kwenu. Hapana kuleta konokono wa nchi nyingine: kuna aina zinazozaana haraka sana, zikitoroka zinaharibu mboga za kijiji kizima.

2. Nyumba

Tafuta mahali penye kivuli, chini ya miti ya ndizi au mwembe, pasipopita maji ya mvua. Kisanduku cha mbao cha metre moja kwa metre moja kinatosha konokono wakubwa 15. Tairi za zamani zilizopangwa juu ya nyingine pia zinafaa.

- Toboa matundu chini ili maji yatoke.
- Weka udongo mweusi, laini, wa sentimita 20 hivi. Udongo wa mfinyanzi unashika maji na mayai yanaoza. Mchanga mtupu unakauka.
- Tandika majani makavu ya ndizi juu yake.
- Funika kwa kifuniko cha wavu kinachofunga vizuri. Konokono anasukuma kifuniko chepesi.

Hapana kutumia chandarua yenye dawa. Dawa haifai karibu na chakula, na chandarua ile ni ya kulinda watoto na malaria. Udongo uchukue pasipopigwa dawa ya shamba.

3. Chakula

Mpe magharibi, na asubuhi toa mabaki kabla hayajaoza. Anapenda majani na matunda ya paipai, matembele, lenga-lenga, majani ya bamia, ndizi mbivu. Majani ya muhogo mchungu yaache. Mabaki ya jikoni yenye chumvi ni hatari: chumvi inamuua.

Kitu ambacho wafugaji wengi wanasahau ni chokaa. Bila chokaa ganda linakuwa jepesi na kuvunjika, na mnyama hakui. Kausha maganda ya mayai ya kuku, au choma maganda ya konokono mliokula, uyasage, uyaweke kwa kipande cha kigae. Na maji? Sahani isiyo na kina yenye maji safi.

4. Mayai na watoto

Anachimba shimo dogo na kutaga ndani ya udongo. Kuna aina yenye mayai machache, kama 5 mpaka 10, makubwa karibu ya sentimita 2. Yanapasuka baada ya wiki 4 hivi. Kuna aina yenye mayai mengi madogo, hata 100 na zaidi, yanayopasuka baada ya wiki 2 au 3. Hapana kuyageuza-geuza. Watoto wakitokea juu, waweke kisanduku chao na majani laini ya paipai na chokaa. Wakibanana sana, wanadumaa na kufa.

5. Adui

Siafu wanaweza kumaliza kisanduku chote kwa usiku mmoja. Simamisha miguu ya kisanduku ndani ya makopo yenye maji na mafuta kidogo. Panya, mijusi na kuku wazuiwe kwa wavu. Aliyekufa atolewe siku ileile. Kila miezi 3 badilisha udongo, lakini angalia kwanza kama kuna mayai.

6. Hesabu kabla ya kuanza

Tufanye mfano. Uko na wazazi 20 wa aina ya mayai makubwa. Kila mmoja anataga mara 2 kwa mwaka, mayai 6 kila mara: 20 × 2 × 6 = mayai 240. Tuseme nusu inapotea. Inabaki 120. Unaacha 20 kuwa wazazi wapya. Wengine 100, wakifika gramu 150 kila mmoja, ni kilo 15. Ukitoa ganda na matumbo, nyama ni kama kilo 6. Kama familia inapika nusu kilo kila mara, ni masahani 12: mara moja kwa mwezi.

Ni kidogo, ndiyo. Na aina hii inahitaji karibu mwaka mmoja ili ikomae. Mtu akikuambia konokono watakutajirisha mwaka huu, muulize hesabu yake. Faida ya kweli ni hii: gharama ni ndogo, na wazazi wakiongezeka, sahani zinaongezeka. Yule anayekula au kuuza wazazi wake miezi ya kwanza kwa sababu ya shida ya mafranga anarudi kuanza sifuri. Ndiyo maana inafaa wanachama kupatana: hakuna kuuza mzazi kabla watoto wake hawajakomaa.

7. Kupika bila hatari

Konokono anaweza kubeba mdudu mdogo anayetoka katika mavi ya panya, na mdudu huyo anaweza kushika ubongo wa mtu. Kwa hiyo hapana kula konokono mbichi au aliyeiva nusu. Mwache siku 2 bila chakula, mwoshe, mchemshe, mtoe ndani ya ganda, ondoa matumbo. Ute unatoka ukisugua nyama kwa chumvi au ndimu. Kisha chemsha tena nusu saa na zaidi, ndipo uweke mafuta ya mawese, nyanya na pilipili. Nawa mikono kwa sabuni kila umeshika konokono, watoto pia.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Katika kijiji chetu, nani anakula konokono na nani hali? Tutamuuzia nani?
2. Kwetu kiangazi kinaanza mwezi gani, na maji ya kumwagia yatatoka wapi?
3. Tukipata wazazi 20, tutawagawa kwa nyumba ngapi, na nani ataandika hesabu ya mayai na vifo?

Kabla ya mkutano unaofuata, kila mmoja atengeneze kisanduku kimoja na kukiacha siku 7 na udongo wenye unyevu. Siafu wakiingia au maji yakisimama, rekebisha kwanza. Mnyama aje akikuta nyumba iko tayari.