Somo la Lugha: Kuomba kwa Adabu Hotelini



Tangu mwaka 2005, Katiba ya Uganda inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Hata hivyo, wazee wengi hukikumbuka kama lugha ya kambini, yaani lugha ya amri. Nasi askari tulichangia hali hiyo. Ndiyo maana mgeni akiingia hotelini na kusema, “Lete maji!”, huenda akadhaniwa anafoka, ilhali kwao ni usemi wa kawaida.

Tushike mambo matatu. Kwanza, salimu kabla ya kuagiza. Pili, badala ya “Lete”, sema “Naomba”: “Naomba maji, mama,” au “Naomba uniletee matoke na maharage, tafadhali.” “Niletee” ni amri, “uniletee” ni ombi. Tatu, asiyejua Kiswahili mwombe kwa Kinyankole: “Nyabo, ninkushaba amaizi.” Mwanamume mwite “Sebo”. Ukihudumiwa, shukuru: “Webare.”

Hesabu ya malipo ikikutatiza, usiseme, “Umeniibia!” Sema, “Naomba tuhesabu tena pamoja.” Neno wizi likitamkwa mbele ya watu, ugomvi wa shilingi elfu moja huweza kuishia kituoni.

Nanyi wenye hoteli, msimhukumu mteja kwa lafudhi yake, muulizeni, “Nikusaidie nini?” Na askari wetu akija kula kwenu akaamuru badala ya kuomba, mkumbusheni somo hili.