SOMO: FOMU YA CHAMA NA JINSI YA KUILINDA KATIKA KOMPYUTA

Ndugu wanachama, makatibu wa matawi na wawakilishi wa wafanyakazi,

Safari hii somo letu linahusu fomu. Wengine watasema hiyo ni kazi ya karani, haimhusu mchuma chai wala mtu wa mashine. Sivyo. Malalamiko ya mfanyakazi husafiri kwa karatasi, na karatasi ikiwa na kosa, anayeumia ni mfanyakazi. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Haki nayo ni mali.

Kosa letu wenyewe

Katika tawi letu hapa Gisenyi tulikuwa na fomu moja ya malalamiko ndani ya kompyuta. Akaja mchuma chai wa kwanza, tukamwandikia, tukahifadhi. Akaja wa pili. Badala ya kuchukua fomu tupu, tulifungua ile ile, tukafuta jina la wa kwanza, tukaandika la wa pili, tukahifadhi tena. Tarehe ya kuanza kazi tukasahau kuibadilisha.

Tulipofika kwa mkaguzi wa kazi, upande wa mwajiri ulionyesha kwamba tarehe ile haikuwa ya mtu huyu. Ilibidi turudi nyumbani tukaanze upya. Na fomu ya yule wa kwanza? Haikuwapo tena. Tuliifuta kwa mikono yetu. Hakuna adui aliyetufanyia hayo.

Tarehe si jambo dogo. Sheria ya Kazi Nambari 66/2018 ya tarehe 30 Agosti 2018 inasema mkataba usioandikwa hauwezi kuzidi siku 90 mfululizo. Utazihesabuje siku 90 kama siku ya kwanza imeandikwa vibaya? Tena, mgogoro wa mfanyakazi mmoja huanza kwa wawakilishi wa wafanyakazi, ukishindikana huenda kwa mkaguzi wa kazi, kisha mahakamani. Kosa la mlango wa kwanza hufuatana nasi hadi wa mwisho.

Tofauti ya fomu na kiolezo

Fomu za zamani zilipigwa chapa. Maneno ya chapa hayakufutika. Mtu alijaza penye nukta tu. Kompyuta imeondoa ulinzi huo. Ndani yake kila neno ni udongo mbichi, kidole kikigusa vibaya sharti zima linapotea. Basi ni lazima turudishe ulinzi ule kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni kiolezo. Kiolezo ni kama kibao cha kufyatulia matofali: kinatoa tofali, chenyewe kinabaki. Ukikibofya mara mbili, kompyuta inakupa hati mpya isiyo na jina, na ile ya asili haiguswi.

Njia ya pili ni kufunga maneno na kuacha nafasi za kujaza peke yake.

Hatua za kufuata

Maneno ya kubonyeza tunayaandika kama yanavyoonekana katika Microsoft Word ya Kiingereza.

1. Andika fomu yote. Isomwe na watu wawili kabla ya kuifunga.

2. Weka nafasi za kujaza: jina, tarehe, visanduku vya kutia alama. Zinapatikana chini ya "Developer". Kama haionekani, bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya juu ya utepe wa amri, chagua "Customize the Ribbon", kisha tia alama penye "Developer".

3. Nenda "Review", kisha "Restrict Editing". Tia alama penye ruhusa ya aina moja ya uhariri, chagua "Filling in forms", kisha anza ulinzi. Utaulizwa neno la siri mara mbili.

4. Hifadhi kwa "Save As", aina iwe "Word Template". Jina la faili litaishia na .dotx.

5. Kila fomu iliyojazwa ipewe jina lake: namba ya mwanachama na tarehe. Ikae katika folda yake, mbali na kiolezo.

Siku ya kurekebisha kiolezo chenyewe, usikibofye mara mbili. Fungua Word kwanza, kisha "File" na "Open", ndipo uondoe ulinzi kwa neno la siri. Wenye LibreOffice, programu isiyolipiwa, nao wanaweza kuhifadhi kiolezo. Chao huishia na.ott.

Tusijidanganye

Ulinzi huu unazuia kosa, hauzuii mwizi. Mtu mjuzi anaweza kuuvunja. Hata alama ya "Read-only" inayowekwa katika sifa za faili, yeyote anaweza kuiondoa. Kwa hiyo fomu iliyojazwa ipigwe chapa, mwanachama aisome au asomewe, atie sahihi, na apewe nakala yake. Orodha ya wanachama ni jambo jingine: hiyo ifungwe faili zima kwa "Encrypt with Password".

Neno la siri lijulikane na viongozi wawili wa tawi. Akilijua mmoja tu, siku akiumwa tawi zima limefungiwa nje. Wakilijua wote, kufuli haina maana.

Maswali ya kujadili tawini

1. Fomu zetu zimo katika kompyuta ya nani? Ikiharibika leo, nakala iko wapi?
2. Ni nani alibadilisha fomu yetu mara ya mwisho, na tulikubaliana naye?
3. Mwanachama asiyejua kusoma, ni nani anamsomea kabla ya kutia sahihi?

Ndugu, mwajiri ana makarani wa kulipwa. Sisi tuna uangalifu wetu. Tuutumie.

Umoja ni nguvu.