Jua, Tanga na Sahani: Kuchagua Safari ya Machweo Mji Mkongwe

Mara ya kwanza nilipolipia "chakula cha jioni baharini" Zanzibar, nilikula pilau iliyopoa, gizani, nikitafuna karafuu nikidhani ni mfupa. Jua lilikuwa limekwisha kuzama, taa ya chombo ilikuwa moja, na hotpoti ilikuwa imefungwa tangu alasiri. Sikuibiwa. Kila walichoniahidi walinipa: jua, jahazi na sahani. Kosa lilikuwa langu kutouliza vitu hivyo vitatu vingekuja kwa mpango gani.

Kwa hiyo kabla hujazungumza bei na mtu yeyote pale bustani ya Forodhani, amua unachonunua. Kuna anayetaka kuliona jua likizama. Kuna anayetaka kusikia tanga likijaa upepo. Kuna anayetaka kukaa mezani juu ya maji, na mezani hapo pawe na kamba. Vyombo vinavyotoa vyote vitatu vizuri kwa jioni moja ni vichache, na wauzaji wote watakuambia chao ni kimojawapo.

Kwa jua, umefika mahali pake. Si kila mji wa pwani yetu unaliona jua likizama baharini. Dar es Salaam, Mombasa, Malindi ya Kenya, Lamu, kote huko bahari iko mashariki. Jua huchomoza majini na kuchwa nyuma ya nyumba za watu. Mji Mkongwe umekaa upande wa magharibi wa Unguja, unaitazama Mrima, yaani pwani ya bara, na jua linashuka mbele yako mpaka linagusa maji ya mkondo. Kama umefikia Paje au Jambiani, kumbuka uko pwani ya mashariki: utakaloliona huko ni jua la asubuhi. Wa Nungwi na Kendwa wana machweo yao kaskazini na hawana haja ya kuja mjini kwa ajili hiyo.

Saa hazibadiliki sana. Mwaka mzima jua huzama takriban kati ya saa 12:15 na saa 12:50 jioni. Mei, Juni na Oktoba linawahi, mwishoni mwa Januari na Februari linachelewa. Baada ya hapo giza haliombi ruhusa. Kwetu huku karibu na ikweta, dakika ishirini tu baada ya jua kuzama huoni tena sura ya mwenzako. Chombo kinachoondoka saa 12:00 kamili kimekuuzia nusu ya jambo. Tafuta kinachong'oa nanga saa 10:30 au saa 11:00, hata kama utaona jua bado kali.

Na hiyo saa ya jua kali usiidharau. Dakika za mwisho kabla ya machweo, ligeuzie jua mgongo, utazame ulikotoka. Mwanga unakuja chinichini kutoka nyuma yako na kuzipiga kuta za mbele za mji: nyumba za Shangani, Ngome Kongwe, Beit al-Ajaib aliyoijenga Sayyid Barghash mwaka 1883 na ambayo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020, jumba la Beit al-Sahel, halafu ile Dispensari ya zamani yenye roshani za mbao, mpaka bandari ya Malindi ya hapahapa mjini. Wageni wote wanaelekeza simu upande mmoja, kwenye jua. Picha nzuri iko upande wa pili.

Sasa chombo. Neno "jahazi" siku hizi linauzwa kama neno "asili". Kila kitu ni jahazi. Ngalawa ni ile nyembamba yenye mirengu miwili, inabeba watu wachache, inakimbia vizuri sana, na unalowa. Humo hakuna mlo, na anayekuahidi mlo ndani ya ngalawa mwache aende zake. Mashua ni kubwa zaidi, na jahazi lenyewe ni kubwa kuliko mashua, lina nafasi ya kutandika majamvi na mito na kupitisha sinia. Halafu kuna kundi la nne lisilo na jina: boti ya mbao yenye injini, mlingoti wa mapambo na tanga lililofungwa kwenye foromali mwaka mzima. Si dhambi kuipanda. Lakini usiilipie bei ya tanga.

Swali la kuuliza ni moja, na liulize kwa Kiswahili cha baharini ili ujibiwe kwa heshima: "Tanga litatwekwa, au tunakwenda na kurudi kwa mashine?" Mtu mkweli atakujibu kwa kutaja upepo. Nahodha mmoja mzee, baada ya shikamoo na marahaba, aliniambia: "Mwanangu, kwenda nitakupeleka na tanga. Kurudi, kusi hili, nikikurudisha kwa kubisha utalala baharini." Huyo nilimlipa palepale.

Alikuwa sahihi, na maelezo yake yanakupa kalenda nzima. Kusi, linalovuma tangu Aprili hadi Septemba hivi, linatoka kusini-mashariki, yaani linavuka kisiwa na kukusukuma kutoka pwani ya mji kuelekea mkondoni. Kwenda ni raha. Kurudi ni kubisha, huku na huku, ndiyo maana injini inawashwa. Faida yake ni kuwa kisiwa chenyewe kinakukinga, maji ya karibu na mji hayachafuki sana. Kaskazi, kuanzia Desemba mpaka Machi, linateremka sambamba na mkondo, upepo unakaa ubavuni, na jahazi linaweza kwenda na kurudi kwa tanga bila fujo. Kama unataka tanga la kweli, njoo Januari au Februari. Katikati ya misimu hiyo, wakati wa tangambili, upepo haueleweki; na masika ya Machi mpaka Mei yanaweza kukuletea wingu zito saa ileile uliyolipia. Uliza mapema: mvua ikinyesha, fedha zinarudi, au siku inasogezwa? Jibu "hakuna shida" si jibu.

Ukiweza kuchagua siku, chagua kwa mwezi. Usiku wa kumi na nne na wa kumi na tano wa mwezi wa Kiislamu, jua linapozama upande wa Mrima, mwezi mpevu unachomoza nyuma ya mji. Unakaa katikati ya viwili hivyo. Siku hizo pia ni za bamvua, na kwa Unguja bamvua hujaza maji alasiri, kwa hiyo chombo kinasogea karibu na ufukwe na hupandi ukiwa umelowa hadi kiunoni. Hata hivyo vaa kandambili na suruali inayokunjika, kwa sababu mara nyingi gati ni miguu yako mwenyewe. Mwenye magoti mabovu, au anayesafiri na mama mzee, aulize kama kuna ngazi, na aulize pia watashuka wapi usiku wakati maji yameshaanza kutoka.

Wauzaji. Watakufuata kabla hujamaliza kuvuka barabara: papasi, kama wanavyoitwa pale, jina la kupe. Si wote wabaya, na wengine ni vijana wenye adabu wanaotafuta riziki, lakini papasi hana chombo. Anachukua fedha zako, anachukua chake, kilichobaki anampa nahodha, na jahazi linapokuwa bovu yeye yuko Darajani anakunywa chai. Mwambie, "Kaka, nipeleke kwa mwenye chombo kwanza," kisha kitazame chombo kwa macho, mchana. Kampuni ya matembezi iwe na leseni ya Kamisheni ya Utalii Zanzibar, na chombo kiwe kimekaguliwa na Mamlaka ya Usafiri Baharini. Bei iulizwe kwa ukamilifu: ni kwa kichwa au kwa chombo kizima, shilingi au dola, vinywaji vimo au havimo, mtoto analipa nini. Kama wewe ni Mtanzania au mkaazi, sema mapema. Si kila mahali utapunguziwa, lakini asiyeuliza hapunguziwi popote. Watu sita wakichanga kukodi mashua nzima mara nyingi hawapati hasara wakilinganisha na tiketi moja moja, tena wanachagua saa yao.

Kuhusu jaketi za kuokolea maisha sitarefusha: ziwe zinaonekana, ziwe sawa na idadi ya watu, na ya mtoto iwe ya mtoto. Hesabu vichwa bila haya. Kisiwa hiki kilizika watu wa meli mbili zilizozama, MV Spice Islander Septemba 2011 na MV Skagit Julai 2012. Hakuna mzee wa Unguja atakayekuona mwoga kwa kuhesabu. Uliza taa pia. Karibu na bandari ya Malindi zinapita boti za kasi za Dar es Salaam, na mawimbi yake yanaweza kumwagia mtu mchuzi hata siku ya bahari shwari.

Tufike kwenye sahani, ambako wengi wanapotea. Safari za Mji Mkongwe kwa kawaida zinakuwa na vitafunio: sambusa, kachori, bajia, matunda, labda kahawa na kipande cha halua. Hivyo ni vyakula vya kuliwa kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika ubao, na vinafaa. Mlo kamili ni habari nyingine. Kwenye chombo kidogo umepikwa nchi kavu, umepakiwa, na unafunguliwa jua likishazama, yaani gizani, katika upepo. Wapo wanaochoma samaki humohumo kwenye jiko la mkaa, na hao waulize jiko linakaa wapi na upepo unapeleka moshi kwa nani. Ushauri wangu, na najua wenye vyombo hawataupenda, ni huu: Mji Mkongwe nunua jua na tanga, chakula ukile nchi kavu. Anayetaka kweli meza, kitambaa na sahani ya moto juu ya maji, Mombasa wanaifanya kazi hiyo vizuri zaidi, kwenye majahazi makubwa yaliyogeuzwa mikahawa yanayotembea polepole mlango wa Tudor na Bandari ya Kale, mbele ya Fort Jesus. Jua huko linazama bara, lakini hakuna anayelifuata; watu wamefuata kamba. Ndugu zetu wa Dubai nao wana yao ya Creek na Marina, ya ghorofa mbili, chakula cha kujipakulia na injini tupu. Usije Unguja ukitegemea hiyo.

Kwa Waislamu, machweo ndiyo wakati wa sala ya magharibi, na muda wake ni mfupi. Mwambie nahodha kabla ya kuondoka kama utataka kuswali chomboni au kurejeshwa mapema. Hutakuwa wa kwanza kumwambia. Usiyetaka pombe ikuzunguke, uliza pia, kwani baadhi ya safari zimejengwa juu ya pombe na muziki wa spika. Ramadhani mabaharia wamefunga kutwa. Usifungue maji yako mbele yao saa 11:00. Subiri, na huenda ukapewa tende kutoka mkononi mwa anayeshika usukani. Na kwa kuwa kwenda na kurudi utapita vichochoroni mwa mji wa watu, mabega na magoti yafunikwe, nguo ya kuogelea ibaki chini ya kanga.

Bahari ikikulevya, kula kidogo mchana na kaa katikati ya chombo, si omo ambako picha ni nzuri na kurushwa ni kwingi.

Ukishuka, wape mabaharia chao mkononi, si kupitia kwa papasi. Kisha vuka bustani ya Forodhani ukiwa na mchanga miguuni. Kunywa juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi. Kwenye meza za mishikaki ya samaki uliza bei ya kila kijiti kabla hakijawekwa motoni, mkatae pweza aliyekwisha kukauka kwa kupashwa na kupashwa tena, na simama pale wenyeji wanapopanga foleni.