Seli za Sikio Haziti Tena Zikifa

Ndani ya kila sikio mna seli zenye vinyweleo zipatazo 15,000, nazo ndizo zinazogeuza mtikisiko wa sauti kuwa taarifa za ubongo. Zikifa hazirudi. Seremala au mkoboa nafaka wa Chumbageni anayesikia mvumo masikioni jioni asijifariji kwa kuwa asubuhi umetoweka. Huenda madhara yamekwisha kuanza. Desibeli 85 zina kikomo cha saa 8 kwa siku. Zikifika 88, saa 4 tu. Pamba, ijapokuwa wengi huipenda, hupunguza kelele kidogo mno. Tununue vizibo vya masikio vilivyoandikwa kiwango cha kinga kwenye pakiti, na muuzaji asiyeweza kutuonyesha kiwango hicho tusimlipe.